Kabla ya kumpaka mtoto mwenye pumu ya ngozi losheni ya karanga, lozi au maziwa, pitia hapa

MamaSumayya (mwanzisha uzi)

Habari zenu wana jukwaa, hasa wazazi wenye watoto wa chini ya miaka miwili.

Nafanya kazi kwenye duka la dawa hapa Dar. Haipiti wiki bila mama kuingia na mtoto mwenye pumu ya ngozi (ukurutu): mashavu yamekauka mpaka yamechanika, mikunjo ya viwiko inatoa majimaji, mtoto hata begani kwa mama anajikuna. Nikiuliza anampaka nini, mara nyingi najibiwa, "Nimeacha vyenye kemikali, siku hizi nampaka vya asili tu." Kisha chupa inatoka kwenye mkoba. Mafuta ya karanga yaliyokamuliwa bila moto. Mafuta ya lozi. Krimu ya maziwa ya mbuzi na asali. Losheni ya oti. Mama mmoja alinionyesha mafuta ya karanga ya kukamuliwa nyumbani. Ukiinua chupa dirishani unaona machicha yametulia chini, rangi ya kahawia. Hiyo ni karanga yenyewe, na inapakwa kwenye ngozi iliyo wazi asubuhi na jioni.

Ninachotaka tuelewane leo ni hiki: chakula kinachopita mdomoni na chakula kinachopita kwenye ngozi iliyopasuka, mwili wa mtoto unavipokea tofauti kabisa. Cha mdomoni, utumbo unajifunza kukizoea. Kinachopenya kwenye ngozi yenye vidonda kinakutana na kinga iliyokwisha kuamshwa na uvimbe, na kinga hiyo inaweza kukiweka kwenye orodha ya maadui. Inatengeneza kingamwili ziitwazo IgE dhidi ya protini ya karanga, ya ngano au ya maziwa. Wakati huo mzazi haoni chochote. Siku mtoto anapoonja chakula chenyewe, ndipo midomo inavimba na mwili unatoka mabaka.

Hili si wazo langu. Mwaka 2003 daktari Gideon Lack na wenzake walichapisha utafiti uliofuatilia watoto karibu 14,000 waliozaliwa eneo la Bristol, Uingereza. Walikuwa wanatafuta kwa nini baadhi yao walipata aleji ya karanga. Hawakukuta ushahidi kwamba karanga alizokula mama akiwa mjamzito ndizo zilizoleta tatizo. Walichokuta ni uhusiano na krimu zenye mafuta ya karanga walizopakwa watoto hao wakiwa wachanga kwenye ngozi yenye vipele. Zilikuwa krimu za kawaida za kutuliza ngozi.

Kisa kinachonitisha zaidi ni cha Japani. Kulikuwa na sabuni ya uso iitwayo Cha no Shizuku, imepata umaarufu mkubwa, imeuzwa kwa mamilioni. Ndani yake kulikuwa na protini ya ngano iliyovunjwavunjwa kiwandani. Watumiaji, wengi wao wanawake watu wazima waliokuwa wakila mkate na tambi maisha yao yote bila shida, wakaanza kuvimba kope, na wengine kuzimia baada ya kula ngano. Sabuni ikaondolewa sokoni mwaka 2011, na waliothibitishwa kupata aleji ya ngano wakapita 2,000. Hiyo ni sabuni ya kunawa na kusuuza, na hao ni watu wazima wenye ngozi ngumu. Sasa fikiria losheni inayolala kwenye ngozi ya mtoto wa miezi mitatu usiku kucha.

Huko Melbourne, Australia, mwaka 2014 madaktari waliandika kuhusu mwanamke aliyekuwa akitumia kipodozi chenye maziwa ya mbuzi kwenye ngozi yake yenye pumu. Baadaye alikula jibini ya mbuzi, akapata mshtuko wa mzio.

Umoja wa Ulaya ulibadilisha kanuni zake mwaka 2017: mafuta ya karanga kwenye vipodozi yasizidi protini sehemu 0.5 kwa milioni, na protini ya ngano iliyovunjwa iwe ya vipande vidogo sana ambavyo kinga haivitambui kirahisi. Hayo mafuta ya karanga tunayopimiwa kwenye chupa za maji hakuna aliyeyapima protini.

Naomba tusomeane lebo humu. Mwenye chupa nyumbani aandike viambato vyake, tusaidiane.

---

BintiMkunazini

Mwanangu, nimekusoma. Mimi ni bibi wa wajukuu tisa, Unguja. Watoto wetu tumewakanda kwa mafuta ya nazi tangu siku ya saba, na wengine kwa mafuta ya ufuta, na liwa juu yake. Hakuna aliyevimba. Leo unatuambia mafuta ni sumu?

---

MamaSumayya

Shikamoo bibi. La, sijasema ni sumu, na wala simkatazi mtu kumkanda mtoto. Mtoto mwenye ngozi nzima, laini, isiyo na upele, ukimkanda kwa mafuta ya nazi sioni neno. Aleji ya nazi ipo lakini ni nadra sana. Mazungumzo yangu ni juu ya yule mtoto ambaye ngozi imechanika, inawasha, inatoa maji. Huyo ndiye mlango uko wazi.

Ufuta ningeuogopa zaidi ya nazi, bibi. Ni moja ya vyakula vinavyoleta aleji kali, na Marekani kuanzia Januari 2023 sheria inalazimisha utajwe kwenye vyakula vya paketi kama karanga na maziwa. Mafuta ya ufuta ya kukamuliwa yanabaki na protini yake. Kwa mjukuu mwenye pumu ya ngozi nakuomba uyaweke kando mpaka ngozi ipone.

---

Msukuma_wa_Nyakato

Mkuu, mimi nimeshtuka. Mwanangu ana miezi saba, ana hiyo pumu ya ngozi, na uji wake wa lishe una karanga, soya na mtama. Mke wangu amesoma uzi huu akasema kuanzia kesho karanga zinatoka kwenye unga. Ni sawa?

---

MamaSumayya

Kaka, hapana! Nashukuru umeuliza kabla hamjatupa unga, maana hapa ndipo watu wanapogeuza mambo juu chini.

Kama mtoto anakunywa uji huo na hana shida yoyote, aendelee. Uji ndio unaomlinda. Huyu huyu Gideon Lack na wenzake walifanya utafiti mwingine London, matokeo yakatoka 2015. Walichukua watoto 640 wa miezi 4 hadi 11, wote wana pumu kali ya ngozi au aleji ya yai, yaani watoto walio kwenye hatari hasa. Kundi moja likalishwa chakula cha karanga kila wiki, jingine likakatazwa karanga mpaka miaka mitano. Waliokatazwa, asilimia 17 hivi walipata aleji ya karanga. Waliolishwa, asilimia 3. Kwa miaka mingi kabla ya hapo wazazi wa Ulaya walikuwa wakiambiwa wasubiri, na kusubiri kule ndiko kulikowaumiza watoto.

Angalia ilivyokuwa kwa mtoto aliyenyimwa karanga mdomoni huku akipakwa krimu yenye karanga kwenye vipele. Mwili wake ulikutana na karanga kwa mlango mmoja tu, na ndio mlango mbaya.

Mambo mawili ya kuzingatia. Karanga ziwe zimesagwa laini, mtoto mdogo asipewe punje, zinapalia. Na kama kuna mzazi ambaye mtoto wake ana pumu kali ya ngozi na hajawahi kuonja karanga au yai, amwone daktari kwanza ndipo aanze. Wewe umeshavuka hapo.

Kitu kimoja tu nyumbani kwako: anayesaga karanga au kukoroga uji asiende moja kwa moja kumpaka mtoto mafuta. Anawe kwa sabuni kwanza. Kuna utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2021 juu ya watoto kama 1,300, ulikuta waliopakwa mafuta mara nyingi zaidi kwa wiki wakiwa na miezi mitatu walikuwa na aleji za chakula zaidi, na mafuta yaliyotumika zaidi yalikuwa ya zeituni. Hauthibitishi kwamba mafuta ndiyo yaliyosababisha, lakini watafiti walitaja uwezekano kwamba mikono ya wazazi ndiyo inayobeba chembe za chakula na kuzisugulia ndani ya ngozi. Kunawa mikono hakugharimu kitu.

---

MtuWaLeicester

Nachangia kutoka huku Uingereza kwa sababu najua ndugu wengi mnatumiwa losheni za watoto na jamaa zenu wa nje, mkiamini zimekaguliwa kila kitu.

Huku chakula cha paketi lazima kionyeshe wazi aleji 14: karanga, maziwa, mayai, ngano, ufuta na wenzao, zimekolezwa wino. Kwenye losheni sheria hiyo haipo. Viambato vimeandikwa, ndiyo, lakini mimea imeandikwa kwa jina la Kilatini, herufi ndogo, nyuma kabisa. Mke wangu alinunua mafuta ya kumkanda mtoto yenye picha ya ua mbele. Kiambato cha kwanza kilikuwa Prunus Amygdalus Dulcis. Hiyo ni lozi. Mtoto wetu ana aleji ya lozi iliyothibitishwa hospitali, na chupa haina onyo lolote.

---

MamaSumayya

Asante sana kaka, hili ndilo nililotaka lisemwe na mtu aliyeko huko. Wazazi nakilini majina haya kwenye simu: Arachis Hypogaea ni karanga. Glycine Soja ni soya. Triticum Vulgare ni ngano. Avena Sativa ni oti. Sesamum Indicum ni ufuta. Lac ni maziwa, na Caprae Lac ni ya mbuzi. Ovum ni yai. Mel ni asali. Na mkiona neno Hydrolyzed mbele ya Wheat (ngano), Milk (maziwa) au Soy (soya), hiyo ni protini iliyovunjwa, ndugu wa ile ya Japani.

Neno "hypoallergenic", yaani kisicholeta aleji kirahisi, lisiwatulize. Marekani walijaribu kuliwekea kanuni miaka ya 1970, makampuni ya vipodozi yakaenda mahakamani, kanuni ikatupwa. Mpaka leo huko kampuni inaliandika kwa maana inayoitaka yenyewe.

---

SabuniZaKwetu

Dada, kwa heshima zote, uzi kama huu unatuua kiuchumi. Natengeneza sabuni ya maziwa ya mbuzi Arusha, nimeajiri wanawake wanne. Maziwa yanachanganywa na magadi makali, joto linapanda, kila kitu kinageuka kuwa sabuni. Hiyo protini unayoisema inabaki wapi? Halafu sabuni inasuuzwa na maji.

---

MamaSumayya

Dada yangu, swali lako ni zuri na nalijibu kwa uzito wake. Ni kweli magadi yanaharibu protini nyingi, na ni kweli kitu cha kusuuza kina hatari ndogo kuliko cha kuacha mwilini. Ningeulizwa nichague kati ya sabuni yako na losheni ya maziwa, ningechagua sabuni yako.

Lakini protini ya ngano ya kule Japani nayo ilikuwa imechemshwa na tindikali kabla ya kuingia kwenye sabuni. Kuvunjwa kule hakukuiua, kuliitengenezea sura mpya ambayo kinga iliichukia zaidi. Na sabuni ilikuwa ya kusuuza. Kwa hiyo hatuwezi kusema tu "imeshageuka" bila kupima.

Sikuombi ufunge kazi. Naomba lebo itaje kila kilichomo kwa Kiswahili, maziwa ya mbuzi, asali, oti, chochote, na uondoe ile picha ya mtoto mchanga kama sabuni haikutengenezwa kwa ajili ya ngozi yenye pumu. Tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS, shirika la viwango, vilitoka TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa. Ukienda kusajili watakudai orodha ya viambato hiyo hiyo. Mama mwenye mtoto mwenye aleji ya maziwa akikuta lebo yako iko wazi, ataipita kwa amani na kumwambia jirani yake kwamba wewe ni mkweli.

---

SabuniZaKwetu

Nimeelewa. Lebo mpya zinachapishwa mwezi ujao, nitaongeza. Picha ya mtoto nitaiongelea na mchoraji.

---

DaktariWaWatoto_Moshi

Naunga mkono mengi yaliyosemwa, ila nataka kuweka uzani sawa, kwa sababu nimeona wazazi wanaotoka kwenye mijadala ya namna hii wakiwa na hofu ya kila kitu.

Mtoto anayeota upele baada ya losheni, mara nyingi zaidi mkosaji ni manukato au kihifadhi, si chakula. Huo upele huja polepole, siku moja hadi tatu baadaye, unawasha, unabaki pale pale mafuta yalipopita. Aleji ya protini ya chakula huja haraka, dakika chache hadi saa mbili, mabaka yaliyovimba yanahama huku na huku, midomo au macho yanavimba. Mtoto akianza kukoroma kifuani, kutapika mfululizo, kulegea au kubadilika rangi, hiyo ni dharura: mlaze, usimbebe wima, mkimbize hospitali achomwe adrenalini pajani. Dawa ya aleji ya kunywa haitoshi hapo.

Jambo la pili ndilo linaloniuma zaidi kliniki. Wazazi wanaogopa krimu ya steroidi, ile ya kutuliza uvimbe wa ngozi, niliyowaandikia, wanaiacha kabatini, wanahangaika na mafuta kumi tofauti, na ngozi inabaki wazi miezi. Kila siku ngozi inapokaa wazi ndipo hatari tunayoizungumzia humu inapokua. Tibuni ukurutu wenyewe, kwa kiasi na kwa siku alizoandika daktari. Na msichanganye na zile krimu za kung'arisha za mtaani zenye steroidi zisizoandikwa, hizo ni balaa. Walio Kaskazini, pale hospitali ya KCMC, Moshi, kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu miaka ya 1990, mtoto aliyeshindikana apelekwe.

Losheni ya oti: watoto wengi wanaivumilia vizuri na huwatuliza kweli. Wachache wanaipata aleji. Ningeitumia kwa mtoto ambaye tayari anakula oti bila tatizo.

---

MamaSumayya

Daktari asante. Hilo la krimu kuachwa kabatini nalishuhudia dukani, mzazi anarudi kuuliza kama kuna "kitu kisicho na steroidi" wakati tyubu aliyoandikiwa haijafunguliwa.

---

Zuwena_Kigamboni

Mimi nina swali. Mtoto wangu miezi saba, shingoni kumechubuka kwa udenda, na kuzunguka mdomo kumekauka. Hii ndiyo losheni aliyoletewa zawadi, nimeandika herufi kwa herufi: Aqua, Glycerin, Prunus Amygdalus Dulcis Oil, Butyrospermum Parkii Butter, Hydrolyzed Wheat Protein, Parfum, Phenoxyethanol. Nimempaka mara kadhaa, hajatokwa na kitu. Niendelee?

---

MamaSumayya

Usiendelee, mdogo wangu. Nakupitisha moja moja.

Aqua ni maji. Glycerin ni nzuri, inashika unyevu. Inayofuata ni mafuta ya lozi. Butyrospermum Parkii ni shea, ile ile inayotoka kaskazini mwa Uganda. Inatokana na kokwa za mti, lakini kesi za aleji yake hazijulikani sana, kwa hiyo isikutishe. Hydrolyzed Wheat Protein ni ngano iliyovunjwa, na hapo ndipo ninaposema hapana kwa ngozi iliyochubuka. Parfum ni manukato, ambayo daktari ameshayasema hapo juu. Phenoxyethanol ni kihifadhi.

Kutotokwa na kitu sasa hivi hakutuambii mengi, kwa sababu kama nilivyoandika mwanzo, kinga inajiandaa kimya kimya. Lakini usipaniki pia, mara kadhaa si miezi. Iweke mbali na mtoto, basi.

Badala yake nunua mafuta ya mgando yasiyo na harufu, yale meupe au yenye umanjano hafifu, kopo lililoandikwa petrolatum peke yake. Hayana protini ya chakula kabisa, na bei yake kila mtu anaimudu. Chota kwa kijiko kisafi, usitumbukize vidole kwenye kopo. Mkaushe shingo kwa kitambaa laini kwa kugusagusa, usisugue, kisha paka. Kuzunguka mdomo paka kabla ya kumlisha, ili uji ukimwagika usigusane na ngozi iliyokauka. Akimaliza kula mfute kwa maji, paka tena. Kukiwa na majimaji au ukoko wa manjano shingoni, huenda ni maambukizi, nenda kituo cha afya.

Na vyakula anavyokula tayari, ngano ikiwemo, asiachishwe.

Sabuni mnayomwogeshea ni ipi? Niandikie na yenyewe nyuma kuna nini.